Simu na utumbo mgonjwa: mwongozo kamili wa kutumia programu za afya kwa wenye kolaitisi na ugonjwa wa Crohn

"Tangu mara ya mwisho umekuwaje?" Daktari huuliza swali hilo huku foleni ikiwa bado ndefu mlangoni, na wengi wetu tuna jibu moja: "Afadhali kidogo, daktari." Miezi mitatu ya kuamka usiku kwenda choo, damu iliyokuja wiki moja ikapotea, vidonge vilivyokosekana siku kadhaa kwa sababu duka la dawa liliishiwa, vyote vinaishia kwenye maneno hayo matatu. Na dozi inapangwa kwa maneno hayohayo.

Mwongozo huu ni kwa aliyekwisha kuambiwa kwamba ana kolaitisi ya vidonda au ugonjwa wa Crohn, ana simu janja ya kawaida, na anataka imsaidie kuusimamia ugonjwa usioondoka. Nitakwenda hatua kwa hatua, lakini nitangulize msimamo wangu: kitu cha kurekodi ni kile tu kinachoweza kubadilisha uamuzi, wako au wa daktari wako. Kinachobaki ni kujichosha, na aliyechoka huacha kujaza baada ya mwezi.

Kabla hujapakua chochote

Hakikisha ugonjwa wako una jina lililothibitishwa. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana na puru. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi kwenye tundu la haja kubwa, ingawa hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba. Yote mawili huthibitishwa kwa kamera ya utumbo na vinyama vinavyokatwa humo na kupimwa maabara. Huku kwetu Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ya kutokurupuka: kifua kikuu cha utumbo kinaweza kufanana sana na Crohn, na amiba au kichocho cha tumbo huleta kuhara damu vilevile. Ndiyo maana wapo wanaomezeshwa dawa za amiba mara tatu, mara nne, kabla ya mtu kufikiria kamera.

Programu za simu zinazouliza maswali kisha kukutajia ugonjwa haziwezi kutenganisha hayo. Kama unapata damu kwenye choo, unapungua uzito bila kutaka, au tumbo linakuamsha usiku na hujawahi kupimwa kwa kamera, hatua yako ya kwanza ni rufaa ya kwenda kwa daktari wa mfumo wa chakula. Mengine yatasubiri.

Je, programu hizi zinasaidia kweli? Mwaka 2017 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la Uholanzi lenye wagonjwa 909. Kundi moja lilitumia mfumo wa simu na kompyuta uitwao myIBDcoach (IBD ni kifupi cha Kiingereza cha magonjwa haya ya utumbo), jingine likaendelea na kliniki za kawaida. Baada ya miezi 12, waliotumia mfumo huo walikuwa wamekwenda kliniki mara chache zaidi, na wastani wao wa kulazwa ulikuwa nusu ya ule wa wenzao. Lakini soma vizuri: upande wa pili wa mfumo ule walikuwapo wauguzi waliosoma majibu na kuchukua hatua. Marekani nako, jaribio la TELE-IBD lililochapishwa mwaka 2019 liliwatumia wagonjwa maswali kwa simu kila wiki au kila wiki mbili. Walilazwa kwa uchache zaidi, ila ugonjwa wenyewe haukutulia kuliko kwa wale wa huduma ya kawaida. Kwa hiyo swali la kuanzia ni hili: nani atasoma rekodi yako? Hospitali nyingi za kwetu hazina muuguzi wa kukaa nyuma ya skrini, kwa hiyo msomaji wa kwanza ni wewe, na wa pili ni daktari siku ya kliniki. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa hali hiyo.

Hatua ya 1: Amua utakachopima

Usianze kwa kuchagua programu. Anza na orodha, nayo iwe fupi.

Cha kwanza ni idadi ya kwenda choo, mchana na usiku kila kimoja peke yake. Usiku una uzito wake, kwa sababu utumbo uliotulia kwa kawaida haukuamshi. Cha pili ni damu: hakuna, michirizi, au inaonekana wazi. Cha tatu ni umbo la choo. Hapa kuna kipimo kizuri kilichotoka Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1997, nacho kimo ndani ya programu nyingi kama michoro saba. Namba 1 ni vidonge vigumu vilivyotengana, kama mavi ya mbuzi. Namba 2 ni kigogo kigumu chenye mabonge. 3 ni kirefu chenye nyufa juu, na 4 ni kirefu, laini, kisicho na nyufa. Namba 5 ni vipande laini vyenye kingo zinazoonekana, 6 ni rojorojo, na 7 ni maji matupu. Ukiizoea namba hiyo, huhitaji tena kutafuta maneno ya staha mbele ya daktari. Unasema "sita, mara tano kwa siku" na ameelewa.

Cha nne ni kubanwa: unaweza kusubiri, unalazimika kukimbia, au umefika mahali pa kujichafua. Wengi huruka kipengele hiki kwa aibu, nacho ndicho kinachoamua kama mtu ataweza kupanda daladala kwenda kazini. Cha tano ni tumbo kukata, kutoka 0 hadi 3. Cha sita ni dawa: umemeza au hukumeza. Uzito pima mara moja kwa wiki, kwa mizani ileile, asubuhi kabla ya chai.

Kwa mwenye kolaitisi, baadhi ya vipengele hivyo vinaingia moja kwa moja kwenye kipimo ambacho madaktari wamekitumia tangu mwaka 1998, na unaweza kujihesabia. Kwenda choo mchana mara 1 hadi 3 ni alama 0, mara 4 hadi 6 ni 1, mara 7 hadi 9 ni 2, zaidi ya hapo ni 3. Usiku, mara 1 hadi 3 ni alama 1, mara 4 hadi 6 ni 2. Kubanwa kwa haraka ni 1, kulazimika kwenda papo hapo ni 2, kushindwa kujizuia ni 3. Michirizi ya damu ni 1, damu ya wazi ya mara mojamoja ni 2, damu ya wazi karibu kila mara ni 3. Hali yako kwa jumla inapewa 0 ukiwa mzima kabisa hadi 4 ukiwa hoi. Halafu ongeza alama 1 kwa kila tatizo la nje ya utumbo linaloambatana na ugonjwa huu: maumivu ya viungo, jicho jekundu linalouma, au vidonda na mavimbe maalumu ya ngozi ambayo daktari ameyatambua. Jumla ikiwa chini ya 3, kwa kawaida ugonjwa umelala. Ikifika 5, umeamka.

Mwenye Crohn anatumia kipimo cha zamani zaidi, cha mwaka 1980, kiitwacho Harvey-Bradshaw. Nacho huhesabu hali ya jumla, maumivu ya tumbo, na alama moja kwa kila choo cha majimaji cha siku iliyopita, pamoja na matatizo ya nje ya utumbo. Kipengele kimoja, cha kupapasa uvimbe tumboni, kinabaki kwa daktari. Chini ya 5 huhesabiwa kuwa ugonjwa umetulia. Tahadhari moja: katika Crohn dalili na hali halisi ya utumbo vinaweza kupishana. Mtu anajisikia vizuri kumbe ndani kuna vidonda. Alama nzuri kwenye simu haziondoi haja ya vipimo.

Kama una mfuko wa choo tumboni baada ya upasuaji, hesabu mara unazoumwaga na uandike kama kilichomo ni kizito au majimaji, badala ya safari za chooni.

Hatua ya 2: Chagua programu, au usiichague kabisa

Sasa fungua duka la programu. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa haya hasa. MyIBD Care ya Uingereza ni mfano, nayo inamfaa zaidi anayetibiwa huko, kwa sababu imeunganishwa na baadhi ya hospitali zao. Zipo za dalili za aina zote, kama Bearable, ambazo unajiongezea vipengele vyako mwenyewe. Nazipenda hizi kwa jambo moja: menyu zake ziko kwa Kiingereza, lakini vipengele unavyoongeza unaweza kuviandika "kubanwa", "damu", "tumbo kukata", na mama au mume wako akasaidia kujaza siku umelala hoi. mySymptoms ni ya kufuatilia chakula na dalili kwa pamoja. Medisafe ni ya kukumbusha dawa.

Usichague kwa nyota za wapakuaji. Wanaotoa nyota tano wengi wametumia programu kwa siku chache. Angalia haya badala yake:

- Inafanya kazi bila bando? Izime intaneti, jaribu kujaza siku moja, uone.
- Inatoa ripoti ya PDF au jedwali unaloweza kulituma nje? Kama hapana, data yako imefungiwa humo. Achana nayo.
- Iliboreshwa lini mara ya mwisho? Tarehe imeandikwa dukani. Ikiwa imepita miaka miwili, wenyewe wameshaitelekeza.
- Ripoti ni ya bure au ya kulipia? Nyingi zinaanza bure, kisha kinachohitajika hasa ndicho kinacholipiwa kwa dola na kadi. Majaribio ya wiki moja hugeuka malipo ya mwaka usipoyasitisha mapema.
- Kujaza siku moja kunachukua muda gani? Ikizidi dakika moja na nusu, hutadumu.

Na kama hakuna iliyokidhi, tengeneza jedwali kwenye Google Sheets. Safu zake ni tarehe, mchana, usiku, umbo, damu, kubanwa, maumivu, dawa na maelezo. Jedwali la namna hii halina michoro ya kupendeza, lakini halikudai malipo, linafunguka kwenye simu yoyote, na daktari yeyote analisoma bila kufundishwa. Kwa maoni yangu, kwa mgonjwa wa Mwanza au Kisumu anayeonana na daktari kila baada ya miezi mitatu, jedwali hili linazishinda programu nyingi za kulipia.

Hatua ya 3: Funga milango

Habari za choo chako ni siri yako. Simu nyingi za kwetu zinapita mikononi mwa watu: mtoto anacheza gemu, shemeji anaazima kupiga, fundi anabaki nayo siku nzima. Weka nenosiri kwenye programu yenyewe, kando na lile la simu. Kisha nenda kwenye mipangilio ya arifa na uzuie maandishi yasionekane skrini ikiwa imefungwa. Kikumbusho kinachoandika "Je, umeona damu leo?" mezani mbele ya wafanyakazi wenzako kinatosha kumfanya mtu aifute programu nzima. Badilisha jina la kikumbusho liwe "Saa mbili" basi.

Tazama ruhusa. Programu ya kurekodi tumbo haina kazi na orodha ya majina yako, maikrofoni wala mahali ulipo, isipokuwa zile za kutafuta vyoo vya karibu. Kataa. Ikigoma kufanya kazi kwa sababu umekataa, umeijua.

Hili si woga wa bure. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza kampuni ya GoodRx dola milioni 1.5 kwa kupeleka taarifa za afya za watumiaji wake kwa kampuni za matangazo, Facebook na Google zikiwamo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini kumdai mtengenezaji aliyeko bara jingine ni safari ndefu. Rahisi zaidi ni kutompa jina lako kamili wala namba ya bima tangu mwanzo. Jiandikishe kwa barua pepe ya pembeni na jina la kifupi. Programu haihitaji kujua wewe ni nani ili ihesabu.

Hatua ya 4: Iandae simu yenyewe

Simu nyingi za Android za bei nafuu huua programu zinazokaa kimya ili kuokoa chaji. Matokeo yake kikumbusho cha dawa hakilii, na unadhani programu ni mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itafute programu yako, uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Kama kuna sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, iwashe hapo pia. Kisha weka kengele ya majaribio dakika kumi mbele, funga skrini, usubiri. Isipolia, tumia saa ya kawaida ya simu kwa dawa. Hiyo karibu kila simu huiheshimu.

Hatua ya 5: Wiki mbili za mwanzo, rekodi tu

Usibadilishe chakula, usiongeze dawa ya mitishamba, usiache kahawa. Rekodi ulivyo. Unatafuta mstari wako wa kawaida, kwa sababu kwenda choo mara tatu kwa siku kwa mwingine ni ushindi na kwa mwingine ni dalili mbaya. Jaza usiku kabla ya kulala, mara moja. Ukisahau siku, iache wazi. Kujaza siku tano kwa kukisia ni kujidanganya na kumdanganya daktari.

Hatua ya 6: Dawa, mahali simu inaposaidia kuliko kote

Kama utatumia sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Mesalazini na salfasalazini, dawa za kutuliza uvimbe wa utumbo, humezwa hata siku unazojisikia mzima, na ndizo siku zinazosahauliwa. Weka kikumbusho kikifuata tabia uliyonayo tayari: chai ya asubuhi, kupiga mswaki, swala. Kinachofuata saa pekee unakizima ukiwa njiani, kimekwisha.

Prednisoloni ina kanuni yake. Haisimamishwi ghafla, inashuka ngazi kwa ngazi kwa ratiba ya daktari. Ingiza kila ngazi kwenye kalenda siku ileile unayopewa cheti cha dawa: wiki hii miligramu kadhaa, wiki ijayo pungufu, hadi siku ya mwisho. Wengi hukwama katikati kwa sababu karatasi imepotea, wakabaki kwenye dawa hiyo miezi bila mpango.

Mwenye azathioprini anahitaji kupimwa damu, mara kwa mara mwanzoni, baadaye kila miezi mitatu hivi, kwa sababu dawa hiyo inaweza kushusha chembe za damu na kusumbua ini. Kikumbusho cha kipimo kiwe cha pekee, na matokeo uyapige picha. Mwenye infliksimabu hupata dripu ya kwanza, ya pili baada ya wiki 2, ya tatu wiki ya 6 tangu kuanza, kisha kila wiki 8 kwa kawaida. Ingiza tarehe za mwaka mzima ili safari na harusi zipangwe kuzizunguka. Kabla ya dawa ya aina hiyo lazima upimwe kifua kikuu, na matokeo hayo nayo yakae kwenye simu.

Kisha hesabu akiba. Vikumbusho vingi vya dawa vinaruhusu kuingiza idadi ya vidonge na kukuonya vikikaribia kwisha. Weka onyo siku 14 kabla, si 3. Dawa hizi hazipatikani kila duka, na zikiagizwa kutoka mjini zinachukua siku.

Rekodi pia usivyoandikiwa. Diklofenaki na ibuprofeni, vidonge ambavyo kila kibanda huuza kwa maumivu ya mgongo na meno, vinaweza kuuamsha ugonjwa kwa baadhi ya watu. Mitishamba nayo iandike, jina na siku, hata kama hutamwonyesha daktari leo. Viungo vinapouma au ini likianza kulalamika, hiyo ndiyo safu atakayoitaka.

Ramadhani ina mjadala wake. Dawa ya mara moja kwa siku inahamia futari au daku bila shida kubwa. Ya mara tatu inahitaji kupangwa upya na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mpelekee rekodi ya mwezi uliotangulia. Kama alama zako zinaonyesha ugonjwa umeamka, kuhara na kukosa maji kutwa nzima ni hatari, na ruhusa ya mgonjwa kutofunga inajulikana.

Hatua ya 7: Chakula, kwa kipindi tu

Hapa ndipo programu zinapofanya madhara. Ukirekodi kila tonge kwa miezi sita utaona uhusiano kila mahali, na mwisho utabaki unakula wali mweupe na ndizi, umekonda, unaogopa sahani. Programu inayokuambia "nyanya zinahusiana na maumivu yako kwa asilimia kadhaa" haijui kwamba siku zile za nyanya ndizo ulizokosa dawa.

Fanya hivi. Chagua kitu kimoja unachokishuku: maziwa, maharage, pilipili. Kiache wiki mbili huku vingine vyote vikibaki vilevile, kirudishe siku tatu, tazama alama. Kisha andika jibu, ufunge faili. Kama ugonjwa umelala kwa vipimo lakini tumbo bado linajaa gesi, daktari anaweza kukuelekeza kwenye mpango wa vyakula vya Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, ambacho kina programu yake inayopanga vyakula kwa rangi za kijani, njano na nyekundu. Vitunguu, vitunguu saumu na maharage viko upande mgumu. Programu hiyo imejaa bidhaa za maduka ya kwao, na mpango wenyewe ni wa muda, chini ya mtaalamu wa lishe. Hautibu uvimbe wa utumbo.

Mwenye Crohn aliyeambiwa utumbo umebana sehemu fulani asisubiri majaribio ya simu: vyakula vya nyuzi na maganda magumu kama mahindi ya kuchoma na nyama yenye mishipa vinaweza kuziba. Mwulize daktari orodha yako.

Hatua ya 8: Andika mapema mpaka wa hatari

Ukiwa mzima, kaa na daktari au muuguzi mkubaliane: alama zikifika ngapi nipige simu, zikifika ngapi nije siku hiyohiyo. Yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa programu au kwenye picha ya skrini ya kufunga. Watu wanapokuwa hoi hawafikiri vizuri, na ndugu anayekupeleka hospitali naye anahitaji kusoma.

Kwa kolaitisi kuna kipimo cha tahadhari kinachotumika tangu mwaka 1955: choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na angalau moja kati ya homa ya juu ya nyuzi 37.8, mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, damu kupungua, au alama za uvimbe kupanda kwenye vipimo vya maabara. Homa na mapigo unaweza kuvipima nyumbani kwa kipimajoto na saa. Ukifika hapo ni hospitali, hata kama ni usiku, hata kama miadi ni kesho. Hali kadhalika tumbo likijaa na kuwa gumu, ukitapika huku choo na hewa havitoki, ukizimia, au ukipata homa wakati unatumia dawa zinazoshusha kinga. Usikae kuingiza data.

Hatua ya 9: Siku ya kliniki

Usimpe daktari simu aanze kupekua michoro yako. Hana muda, na michoro ya rangi inaficha zaidi ya inavyoonyesha. Siku moja kabla, toa ripoti, kisha andika aya moja kwa mkono wako. Mfano:

"Mwezi wa kwanza alama 1 hadi 2. Mwezi wa pili zilipanda hadi 6 kwa siku 12, damu ya wazi, usiku mara 2. Wiki iliyotangulia nilikosa mesalazini siku 5, na nilimeza diklofenaki kwa jino. Sasa alama 3. Uzito umeshuka kilo 2. Swali langu: je, nahitaji kipimo cha kinyesi?"

Aya hiyo inasomwa kwa nusu dakika na inageuza mazungumzo yote. Ripoti kamili ibaki kwenye simu kama ushahidi akiutaka.

Kipimo cha kinyesi kilichotajwa hapo ni cha kalprotekitini, protini itokayo kwenye chembe nyeupe zinapojazana ukutani mwa utumbo. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu kwa kawaida ni shwari, juu ya 250 mara nyingi kuna uvimbe, katikati hurudiwa. Maambukizi na dawa za maumivu nazo hukipandisha, kwa hiyo namba moja peke yake haitoshi. Rekodi kila matokeo pamoja na tarehe na jina la maabara, kwa sababu maabara mbili zinaweza kutofautiana. Ulaya kuna vifaa vya kujipimia nyumbani ambavyo kamera ya simu husoma matokeo, kama IBDoc ya Uswisi. Aliyeko huko amwulize muuguzi wake.

Kwenye simu hiyohiyo weka folda moja iliyofungwa yenye ripoti ya kamera ya mwisho, majibu ya vinyama, orodha ya dawa na dozi, mzio na chanjo. Ya chanjo isikupite: anayetumia dawa zinazoshusha kinga, kama azathioprini au infliksimabu, kwa kawaida hapewi chanjo hai, na ya homa ya manjano ni mojawapo. Msafiri wa mpakani au wa uwanja wa ndege anahitaji barua ya daktari kabla hajakutana na afisa wa afya. Na kwenye kalenda ya mbali, andika mwaka wa nane tangu dalili zianze. Kuanzia hapo mwenye ugonjwa wa utumbo mpana hupangiwa kamera za kuchunguza saratani mapema.

Hatua ya 10: Punguza

Ugonjwa ukilala miezi mitatu, acha kujaza kila siku. Jaza mara moja kwa wiki, Jumapili kwa mfano, na urudi kwenye kila siku pale tu damu inapoonekana au usiku unapoanza kukuamsha. Kuna wanaoogopa kuacha, wakiona kama rekodi ndiyo inayowalinda. Vikumbusho vya dawa vibaki. Vya dalili vizime.

Ukibadilisha simu, toa ripoti yote kwanza, jitumie kwa barua pepe, hakikisha inafunguka kwenye simu mpya, ndipo uifute ya zamani. Na ukiiacha programu moja kwa moja, kuiondoa kwenye skrini hakuifuti akaunti. Ingia ndani, tafuta kifungu cha kufuta akaunti na data, bonyeza, subiri barua pepe ya kuthibitisha. Isipokuja ndani ya mwezi, waandikie.